Kadi ya stoo, jedwali la Excel au programu ya mauzo: kipi kinakuonyesha mzigo umepotelea wapi?

Chombo chochote cha kutunzia hesabu za stoo huonekana kizuri wiki ya kwanza. Mzigo umehesabiwa juzi, majina yameandikwa kwa usafi, kila namba inakubaliana na rafu. Kipimo chake huja siku ya kuhesabu mali, pale kumbukumbu zinaposema zipo chupa 96 na mkono unahesabu 84. Hapo ndipo vyombo vitatu vinavyotumika sana katika biashara ndogo na za kati vinapotofautiana: kadi ya stoo ya karatasi, jedwali la kompyuta, na programu ya mauzo yenye skana ya baakodi (ile mistari myeusi yenye namba kwenye kifungashio). Tumevipima kwa kigezo hicho kimoja: kila kimoja kinasaidia kiasi gani kujua zile 12 zimekwenda wapi.

Kuna jambo linalovihusu vyote. Salio haliandikwi, hukokotolewa. Stoo ina matukio machache tu: mzigo umepokelewa, umeuzwa au kutolewa, umerudishwa na mteja, umerudishwa kwa msambazaji, umehamishiwa stoo nyingine, umeharibika, au umerekebishwa baada ya kuhesabu. Salio la leo ni salio la kuanzia, jumlisha vilivyoingia, toa vilivyotoka. Chombo kinachomruhusu mtu kufuta 96 na kuandika 84 bila kuacha mstari unaosema nani, lini na kwa nini, kimefuta ushahidi pamoja na kosa. Kasoro hiyo pekee inatosha kukishusha daraja, hata kiwe na grafu za rangi saba.

Kadi ya stoo

Kadi moja kwa bidhaa moja, inawekwa rafuni palepale bidhaa ilipo. Juu huandikwa jina kamili, msimbo wa bidhaa, kipimo (chupa, katoni, kilo) na kiwango cha kuagiza upya. Chini kuna safu sita: tarehe, namba ya hati, iliyoingia, iliyotoka, salio, sahihi. Nguvu yake ni kuwa mahali pa tukio. Anayetoa katoni huandika akiwa bado amesimama mbele yake, na muda kati ya kutoa na kuandika ndio unaozaa tofauti nyingi kuliko wizi.

Kwa kigezo chetu kadi inafanya vizuri kuliko sifa yake. Kila mstari una salio lake, kwa hiyo unaweza kukokotoa upya kutoka juu hadi ufike mstari ambao hesabu inakataa, na hapo una tarehe, hati na sahihi. Inachoshindwa ni kujumlisha. Ukitaka thamani ya stoo nzima, unazunguka rafu zote na kikokotoo. Zaidi ya bidhaa mia moja hivi, au duka linalouza kipande kimoja kimoja kutwa nzima, kadi inakuwa mzigo na watu huanza kuijaza jioni kwa kukisia. Mahali pake hasa ni ghala, karakana ya vipuri au stoo ya jikoni, ambako vitu hutoka kwa mafungu.

Udhaifu mwingine ni wa kibinadamu. Anayeshika mzigo akishika na kadi peke yake, anaweza kuzifanya zikubaliane. Ndiyo maana mtu mwingine ofisini hujaza leja ya pili kutokana na hati za mapokezi na za kutolea mzigo, bila kuiona kadi. Vitabu viwili vilivyoandikwa na mikono miwili vikitofautiana, umepata pa kuanzia. Kalamu iwe ya wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani isomeke, na wino mweupe wa kufutia usiingie stoo kabisa.

Jedwali la kompyuta

Hapa tunazungumzia Excel, na ndugu zake LibreOffice Calc na Google Sheets. Watu wengi hulitumia vibaya: orodha ya bidhaa, safu moja ya "zilizopo", na kila jioni mtu anabadilisha namba. Hilo ni daftari lenye mwanga tu, halina historia.

Matumizi yanayostahili yanahitaji kurasa tatu. Ya kwanza, Bidhaa: msimbo, jina, kipimo, bei ya kununulia, kiwango cha kuagiza. Ya pili, Miamala: tarehe, namba ya hati, msimbo, aina ya tukio, idadi, eneo, aliyeandika. Idadi inayoingia iwe chanya, inayotoka iwe hasi, na salio la kuanzia liwe muamala wa kwanza wa kila bidhaa. Ya tatu, Salio, haiandikwi kwa mkono hata mara moja. Msimbo ukiwa A2, salio lake ni =SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!C:C,A2), yaani jumla ya idadi zote za msimbo huo. Kwenye kompyuta zilizopangwa kwa desimali ya mkato, koma za fomula huwa nukta mkato (;), na mara nyingi hiyo ndiyo sababu fomula iliyonakiliwa inakataa. Kosa halifutwi: unaandika mstari wa kulitangua, kisha mstari sahihi.

Yanayoharibika yanajulikana, na mengi yanatokana na misimbo. Excel ikiona 00452 inafuta sifuri za mbele. Ikiona 3-12 inaweza kuifanya tarehe. Ikiona 10E5 inaifanya milioni moja. Baakodi ya tarakimu 13 ikifunguliwa kutoka faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) huonekana kama 4.00638E+12, na ukihifadhi CSV hiyo ikiwa katika sura hiyo, tarakimu zilizofichwa zimekwenda moja kwa moja. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hupoteza zile za mwisho, zinageuka sifuri. Dawa ni kuipa safu ya misimbo muundo wa maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Hata hivyo maandishi peke yake hayatoshi, na hapa hata wazoefu hunaswa. SUMIFS huona "007" na "7" kuwa kitu kimoja, hata zote zikiwa maandishi. Bidhaa mbili zenye misimbo hiyo zitajumlishwa pamoja kimyakimya. Anza kila msimbo kwa herufi, mfano SBN-007, na tatizo linaisha. Usitumie kinyota wala alama ya kuuliza ndani ya msimbo, kwa sababu fomula huvisoma kama "herufi yoyote". Nafasi tupu mwishoni, "SBN-007 ", hufanya kinyume: muamala unaachwa nje ya salio. Orodha ya kuchagua, kwa njia ya uthibitishaji wa data, inamzuia mwandishi kubuni msimbo mpya kwa bahati mbaya.

Ukubwa nao una mwisho. Faili la Excel la muundo wa zamani, XLS, lina mistari 65,536; la muundo mpya, XLSX, lina 1,048,576. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iligundua kwamba karibu visa 16,000 vya maambukizi ya korona vimeachwa nje ya taarifa kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye mafaili ya XLS yaliyokuwa yamejaa. Duka linaloandika miamala 200 kwa siku hufikisha 73,000 kwa mwaka, kwa hiyo muundo wa zamani haumalizi hata mwaka mmoja.

Mapungufu makubwa zaidi ni mawili. Faili likishikwa na watu wawili, baada ya muda kuna nakala tatu na kila mmoja anaapa yake ndiyo ya mwisho. Google Sheets inalitatua hilo kwa kuruhusu watu kuandika pamoja na kuhifadhi historia ya mabadiliko. La pili, mtu akipanga safu moja bila nyingine, idadi zinahamia kwa bidhaa zisizo zake na hakuna kengele inayolia. Katika Excel, geuza eneo la miamala kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T, upangaji wote utabeba mstari mzima.

Kwa kigezo chetu: jedwali lenye ukurasa wa Miamala linakupa historia nzima ya zile chupa kwa kuchuja msimbo mmoja. Lisilo nao halikupi lolote. Tofauti kati ya hayo mawili ni kazi ya saa moja.

Programu ya mauzo na skana

Hapa kila mauzo hupunguza stoo papo hapo, na ule muda kati ya kutoa na kuandika unakaribia sifuri. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya programu hizi, na inatosha kuhalalisha ada yake kwa duka linalouza vipande vingi kwa siku. Lakini zinauzwa kwa ahadi kwamba stoo itajitunza yenyewe, na ahadi hiyo si kweli. Programu inajua kilichoskaniwa tu.

Chukua kosa linaloonekana dukani kila siku. Mteja analeta chupa sita za sabuni, harufu sita tofauti, bei moja. Muuzaji mwenye foleni anaskani moja mara sita. Fedha imetimia, risiti imetoka, mteja ameridhika. Stoo sasa ina harufu moja iliyopungua sita badala ya moja, na tano ambazo kila moja inasomeka zaidi ya ilivyo. Baada ya miezi mitatu programu inakuagiza harufu iliyojaa rafuni na kunyamazia iliyokwisha. Hakuna programu inayoweza kuliona hilo. Linazuiwa kwenye mkono wa muuzaji.

Kosa la pili kwa uzito ni kipimo. Baakodi ya katoni na ya chupa iliyo ndani ni namba mbili tofauti. Katoni mara nyingi hubeba namba ya tarakimu 14, inayoanza na tarakimu ya kuonyesha aina ya kifungashio, wakati chupa ina 13. Asiyesajili kwamba katoni hii ni sawa na chupa 24, siku ya kupokea katoni 10 ataingiza 10 badala ya 240, na wiki hiyohiyo stoo itaanza kusoma hasi. Kabla ya kulipia programu yoyote, jaribu hili: pokea katoni moja, uza chupa moja, tazama kama salio linasoma 23. Ikihitaji usajili bidhaa mbili na kuhamisha kwa mkono, tafuta nyingine.

Salio hasi lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Programu nyingi huruhusu kuuza kisichopo kwenye kumbukumbu, ili foleni isisimame kwa sababu hati ya mapokezi bado iko mezani. Ni uamuzi wa busara kaunta, ila unachafua gharama. Wastani wa gharama hupigwa kwa kilichopo: vipande 40 vilivyonunuliwa kwa 500 na 60 kwa 550 vinatoa wastani wa 530. Programu ikiwa inasoma −15 mzigo mpya unapoingia, haina wastani wa maana wa kuanzia, na kila mtengenezaji ana njia yake ya kubahatisha. Muulize mapema. Jibu lenye kigugumizi ni jibu tosha.

Kuhusu gharama, angalia pia njia gani inatumika. Kwa mfano huohuo, ukiuza vipande 50, wastani unasema gharama ya mauzo ni 26,500. Njia ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza inasema 25,500: arobaini kwa 500 na kumi kwa 550. Faida inatofautiana kwa 1,000 bila mteja yeyote kuongezeka. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinakubali zote mbili na kinakataa ile ya kilichoingia mwisho kitoke kwanza. Usibadilishe katikati ya mwaka. Na usichanganye njia ya hesabu na mpangilio wa rafu: hata ukikokotoa kwa wastani, maziwa na dawa hutolewa kwa kufuata tarehe ya kuisha muda, inayokaribia ikitangulia mbele.

Vifaa, kwa ufupi. Skana ya kawaida hufanya kazi kama kibodi, inaandika namba kisha inabonyeza Enter, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye ukurasa mtupu wa maandishi kabla ya kuilaumu programu. Ya leza husoma mistari tu, haisomi msimbo wa mraba (QR) na kwa kawaida haisomi kwenye kioo cha simu. Ya kamera husoma vyote. Bidhaa zisizo na baakodi zipewe namba za ndani zinazoanza na 200 hadi 299, mfululizo uliotengwa kwa matumizi ya aina hiyo, zisije zikagongana na za kiwandani. Tarakimu ya mwisho ya namba ya 13 ni ya ukaguzi: zidisha 12 za kwanza kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, jumlisha, kisha tafuta kinachokosekana kufikia kumi inayofuata. 400638133393 inatoa 89, hivyo tarakimu ya mwisho ni 1. Lebo za karatasi ya joto hufifia zikikaa kwenye mwanga na joto. Kwa rafu za mwaka mzima chapisha kwa utepe wa wino.

Ruhusa za watumiaji ndizo zinazoamua kama programu itakuonyesha zile 12. Anayepokea fedha asiwe na uwezo wa kufanya marekebisho ya stoo, wala wa kufuta risiti bila idhini. Kitufe cha "bidhaa nyingine", kinachouza kwa kuandika bei tu, kifungwe. Kikiwa wazi, kila kitu chenye lebo iliyochanika kitapitia hapo na kutoka bila kupunguza stoo.

Siku ya kuhesabu

Simamisha mapokezi na mauzo, au hesabu kabla ya kufungua. Hati zote za jana ziwe zimeingizwa. Mhesabuji apewe orodha ya majina na maeneo bila salio, kwa sababu aliyeona 96 atatafuta 96. Mwingine ahesabu upya palipotofautiana, kabla ya mtu yeyote kugusa kumbukumbu. Kufunga duka mara moja kwa mwaka si lazima: panga bidhaa kwa thamani ya matumizi ya mwaka, zile chache za juu zinazobeba sehemu kubwa ya fedha uzihesabu kila mwezi, za kati kila robo mwaka, zilizobaki mara mbili kwa mwaka.

Tofauti yenyewe ina lugha. Ikigawanyika kwa idadi iliyomo kwenye katoni, mfano 12 au 24, shuku kipimo, au katoni iliyopokelewa kwenye hati na kubaki kwenye gari. Ikigawanyika kwa 9, kama 45 iliyoandikwa 54, shuku tarakimu zilizopinduliwa. Bidhaa mbili zinazofanana, moja ikizidi kwa kiasi kilekile nyingine inachopungua, zimechanganywa kaunta. Ziada isiyo na jozi mara nyingi ni mapokezi ambayo hayakuandikwa au bidhaa zilizorudishwa na mteja. Upungufu mdogo unaojirudia kila hesabu kwenye vitu vidogo vya bei kubwa, bila jozi wala mgawanyo, ndio wa kuufikiria kama wizi, na ni vyema kuufikia baada ya kuondoa mengine. Zile chupa 12 za mwanzo, kama katoni ni ya 12, ni za kutafutwa kwenye hati za mapokezi kwanza.

Kuagiza upya

Hapa vyombo havipishani sana. Kama bidhaa huuzwa 12 kwa siku na mzigo huchukua siku 7, unatumia 84 ukisubiri. Kama siku mbaya zinafika mauzo 18 na msambazaji akachelewa hadi siku 10, unahitaji 180. Tofauti, 96, ni akiba ya tahadhari, na 180 ndicho kiwango cha kuagiza. Ni hesabu ya mwoga. Kwa mzigo wa bei kubwa unaweza kuipunguza ukikubali kuishiwa mara mojamoja. Fomula ya kiasi nafuu cha kuagiza, inayosawazisha gharama za kuagiza na za kutunza mzigo, aliyoiandika mhandisi Mmarekani Ford W. Harris mwaka 1913 bado ni sahihi, lakini katika duka dogo ukubwa wa katoni na nauli huamua kabla yake.

Kosa la programu nyingi za bei rahisi ni kutoa tahadhari kwa kuangalia kilichopo rafuni tu. Kinachopaswa kulinganishwa na 180 ni kilichopo, jumlisha kilicho njiani, toa kilichoahidiwa wateja. Bila hivyo tahadhari inabaki nyekundu hata baada ya kuagiza, na msaidizi anaagiza tena.

Kipi uchukue

Ghala au karakana yenye bidhaa chache zinazotoka kwa mafungu: kadi, pamoja na leja ya pili. Biashara yenye mamia ya bidhaa na miamala michache kwa siku, mwandishi akiwa mmoja: jedwali la kurasa tatu, na halina sababu ya kuonewa haya. Duka la rejareja lenye foleni: programu na skana, kwa sharti la ruhusa na vipimo vilivyoelezwa hapo juu. Kwa kigezo cha kuonyesha mzigo ulipopotelea, tunaipa programu iliyopangwa vizuri nafasi ya kwanza, na iliyopangwa ovyo nafasi ya mwisho, nyuma ya kadi, kwa sababu makosa yake huonekana kama ukweli uliochapishwa.

Anayehamia programu asihamishe salio la zamani. Ahesabu upya, aingize matokeo kama muamala wa kuanzia wenye tarehe, na atunze kitabu cha zamani bila kukigusa. Kabla ya kulipia, ajaribu kupakua data zake: programu ikitoa orodha ya salio peke yake na kuzuia miamala, siku usajili unapokwisha utaondoka na namba zisizo na historia.